Mtunza Makasha na Dawa Isiyolowa

Msiniulize alizaliwa wapi, wala mumewe wa kwanza alikuwa nani. Hayo watu wa mji kila mmoja anayajua kwa namna yake, na mie simo. Mimi nnamjua kuanzia siku ile miaka ya hamsini imeanza tu, nilipoolewa nikaletwa mjini kutoka Makunduchi. Nilimkuta amekaa kitako ukumbini kwa mavyaa wangu, yaani mama mzaa mume wangu, kasha kubwa limefunguliwa mbele yake, naye ameingiza kichwa ndani mpaka mabega. Nikauamkia mgongo wake.

"Shikamoo, Bibi."

Sauti ikatoka ndani ya kasha: "Marahaba. Usinisimamie kwenye mwangaza."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonambia. Nikasogea.

Kazi yake ilikuwa kutunza makasha ya watu. Siku hizo kila nyumba iliyojiona nyumba ilikuwa na kasha lake la misumari ya shaba, na ndani yake zile nguo zisizovaliwa kila siku: majoho, vilemba, kanzu za zari, mashuka ya harusi. Mvua za masika zikikatika alipita nyumba hadi nyumba, na vuli ikikatika akapita tena. Alifungua, akaanika kivulini, akapiga brashi, akafukiza udi, akatia dawa ya nondo, akakunja upya. Na funguo alikaa nazo yeye. Nyumba kumi na moja za mjini, wanawake ambao hawakuwaamini hata dada zao wa tumbo moja, walimpa yeye funguo, akazifunga kwenye uzi kiunoni chini ya kanga. Akitembea unamsikia. Hakuwa na nyumba ya kwake, hakuwa na mtoto, alipanga chumba Mlandege. Alichokuwa nacho ni zile funguo, na jina lililozifanya ziwe kiunoni kwake.

Jina hilo lilivunjika, na mkono wangu umo. Nnalisema mapema, nisije nikaonekana nahadithia ya watu kama sina langu.

Sasa, tabia yake. Kwanza alikuwa muulizaji, na si muulizaji wa kistaarabu. Wewe unamuuliza mtu habari za nyumbani, yeye anauliza kwa nini barafu ya samaki inatoa moshi na haiungui. Atamsimamisha fundi wa saa njiani, atamsimamisha mwalimu wa chuo cha Kurani anakimbilia sala. "Hebu nambie kwanza." Watu walijificha milangoni wakimwona anakuja. Mume wangu aliwahi kurudi nyumbani kwa njia ya mbali, jasho limemtoka, kwa sababu Bibi alikuwa amekaa barazani na swali lake mdomoni, ati kwa nini viatu vya ngozi huota ukungu na mkanda wa ngozi ile ile hauoti.

Aliyemweza mmoja tu, naye ni Mhindi muuza dawa wa pale Mlandege, mzee wa miwani mizito. Hao wawili walikuwa wakigombana kila wiki na kila wiki wakitafutana. Kwa miaka mingi Bibi alinunua kwake naftalini, vile vidonge vyeupe vya mviringo. Siku moja yule mzee akamwekea juu ya meza kitu kingine, vipande vyeupe vinavyong'ara kama sukari guru iliyosafishwa, vina harufu kali na tamu kidogo.

"Hii mpya, Bi. Paradiklorobenzini."

"Sema tena."

Akasema tena. Akamsemesha mara tatu, kisha akamwambia, "Mwenye jina refu hivyo kwa kawaida huwa mwongo." Lakini alinunua. Na mambo hayo alinihadithia mwenyewe, akimwiga yule mzee mpaka na miwani.

Jina la kwenye pakiti hakulitumia kamwe. Aliita "dawa isiyolowa," na nitakwambieni kwa nini. Aliweka kipande kimoja dirishani kwake juu ya karatasi nyeusi, akakichora pembeni kwa penseli kama mtoto anayechora mkono wake. Kila asubuhi alikichora tena. Siku ya nne akanijia mbio, mie nachuna majani ya mchicha.

"Twende ukaone mwizi."

Nikaenda. Mistari imezungukana kwenye karatasi, na kipande kimebaki kidogo katikati. Karatasi kavu kabisa.

"Barafu ikipungua huacha maji," akasema. "Sabuni ikipungua huacha utelezi. Hii inapungua haiachi kitu. Inakwenda wapi?"

"Labda panya, Bibi."

"Panya! Panya gani ale kitu kinachonuka hivi? Nyinyi watu wa shamba bwana."

Akarudi kwa muuza dawa. Yule mzee akamweleza kwamba dawa ile haipitii kuwa maji, inatoka kuwa jiwe inakuwa hewa moja kwa moja, na hiyo hewa ndiyo inayoua nondo na viwavi wake. Tena hewa yenyewe ni nzito kuliko hii tunayoivuta, inashuka chini, kwa hivyo kipande kiwekwe juu ya nguo, si chini yake. Bibi hakuamini. Alikuwa haamini kitu mpaka akione. Akatwaa makopo mawili ya biskuti yenye vifuniko, akatia vitambaa vya sufu na nondo wazima sita kila kopo. Moja dawa akaitundika juu, jingine akaitia chini kabisa. Asubuhi yake alipita nyumba kwa nyumba na makopo yake kuonyesha maiti. Kwenye kopo la dawa ya juu walikufa wote, na lile jingine walibaki wawili wanatambaa. Mavyaa wangu alikuwa anakula, akafunika sahani.

"Mzee ana miwani lakini anaona," Bibi akasema, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Aliuliza pia dawa inatoka wapi. Muuza dawa akasema Wazungu wanatoa mafuta kwenye makaa ya mawe, halafu wanayachanganya na klorini, ile ile inayotiwa kwenye maji ya bomba. Bibi akafikiri, akamwambia, "Makaa meusi na dawa ya maji vikikutana vinakuwa vyeupe hivi? Nani alivikutanisha mara ya kwanza?"

"Wazungu, Bi."

"Wazungu nimesikia. Nnauliza ilikuwaje."

Swali hilo yule mzee hakulijibu mpaka anakufa.

Alikuwa na pua. Si ile ya kusema tu kwamba fulani ana pua. Angeweza kusimama kwenye ngazi akakwambia kasha la juu lina ukungu na la chini lina mkojo wa paka. Pua hiyo siku moja ilimtia aibu. Alikuwa anapita nyuma ya ofisi moja kubwa, akaisikia dawa yake. Akashangaa, ofisini kuna makasha gani? Akaifuata harufu, huku anavuta pumzi kama mbuzi aliyeona muhogo, mpaka akajikuta amesimama na buibui lake mbele ya mlango wa choo cha wanaume. Makarani wanatoka wanafunga vifungo, wanamwona. Kumbe vile vipande hutundikwa mle ndani viue harufu mbaya.

Habari zikafika mjini kabla yake. Mwanamke mmoja mwenye kasha la majoho saba akamwita, amekunja uso.

"Ati dawa unayotutilia kwenye nguo ni dawa ya choo?"

"Maji nayo yanaingia chooni," Bibi akamjibu, "na wewe asubuhi umeyanywa."

Ufunguo aliachiwa.

Usimchezee kwenye biashara pia. Ilipita mchuuzi anauza vidonge kwa bei ya chini, anaapa kwamba vyote ni dawa mpya. Bibi akaagiza bilauri mbili, moja ya maji matupu, moja ya maji aliyotia chumvi mpaka chumvi ikakataa kuyeyuka. Akavitumbukiza kimoja kimoja, mchuuzi ameduwaa. Vilivyoelea hata kwenye maji matupu, karafumaiti. Vilivyozama kwenye maji matupu vikaelea kwenye maji ya chumvi, naftalini. Vilivyozama kote, ndiyo dawa yenyewe. Katika vidonge ishirini vilizama vitatu. Vya karafumaiti hakuvigusa kwa mkono, alivisukuma kwa kijiko mpaka ukingoni mwa meza. Mchuuzi akakusanya bidhaa yake akaenda zake, na mtaa ule hakurudi.

Nikwambieni na hilo la karafumaiti, maana lina maana yake. Mtu huyu hakuogopa kitu. Alikamata mende kwa vidole, alimjibu kadhi. Lakini karafumaiti hakuiweza. Sisi karafumaiti ni ya kuoshea maiti, kila mtu anajua, lakini watu wengine wanavumilia. Yeye nyumba ya msiba alitoa mkono wa pole mlangoni akarudi. Akiisikia njiani hugeuza njia. "Kila aliyekuwa wangu nimemsikia kwa harufu hiyo kabla sijaambiwa," alinambia siku moja. Mtu aliyecheka watu wanaoogopa majini, naye mwenyewe Jumatano ya mwisho ya Mfungo Tano, ile inayosemwa ina mikosi, hafungui kasha hata umlipe dhahabu. Na nguo zake mwenyewe, lo! Zina matundu. Kupitia kanga yake ya kutokea ungeweza kumwona aliyesimama upande wa pili. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Daktari gani umemwona akajitibu?"

Alikuwa mwepesi wa kukiri kosa, mpaka wakati mwingine alikiri lisilo lake. Mara moja alitia kipande cha dawa kwenye kabati la chakula la mavyaa, kufukuza mende. Mende wakahama kweli. Lakini mlikuwa na bakuli la halua ya wageni, na halua ikavuta ile harufu yote. Wageni wakala kwa adabu, machozi yanawalenga, wanasema mashallah. Mavyaa akaanza kumgombeza mpishi. Bibi akasimama katikati ya ukumbi, mbele ya wageni: "Mwacheni mpishi. Nimekosa mimi. Dawa hii na chakula havikai pamoja, leo nimejua." Hakuna aliyemlazimisha. Mimi nlipokuwa kwetu sijapata kuona mtu mzima akisema nimekosa kwa sauti kubwa hivyo, nikamtazama kama mtu aliyevua kilemba hadharani.

Laiti ningejifunza hapo hapo.

Nyumba yetu ilikuwa na joho. Joho jeusi la sufu nzito, zari kifuani na mabegani, kila mwanamme wa nyumba ile aliolea ndani yake, tangu babu wa mume wangu. Shemeji yangu mdogo alikuwa aoe, na harusi iliwekwa katikati ya kaskazi, joto la kupasua kichwa. Bibi alikwisha kulitengeneza joho baada ya vuli, akaweka juu yake mifuko minne midogo ya melimeli, kile kitambaa chepesi cha pamba, kila mmoja na kipande chake cha dawa.

Wakati huo alikuwa amenipenda. Alikuwa akinifundisha kukunja, akinambia, "Nguo haifi kwa kuvaliwa, inakufa kwa kusahauliwa." Siku moja, harusi imebaki kama mwezi, akafanya jambo ambalo hakupata kulifanya kwa mtu. Alifungua uzi kiunoni akanipa ufunguo.

"Kachukue shuka la wageni. Funga. Niletee."

Nikapanda juu kwa furaha. Nikafungua kasha. Nondo akaruka, mmoja, mdogo, akanipita usoni. Nikashika ile mifuko, dawa imepungua nusu. Nlijua kuwa inapungua, nimeonyeshwa kwenye karatasi nyeusi kwa macho yangu, lakini kujua na kuamini ni vitu viwili. Nikaingiwa na hofu. Nikaona joho limetoboka kama kichujio siku ya harusi, na watu wanasema, nani aliyefungua kasha mara ya mwisho? Yule wa shamba.

Kwetu Makunduchi bibi yangu alikuwa akisema hakuna mdudu anayestahimili karafumaiti. Na karafumaiti ilikuwa mle mle chumbani. Mavyaa wangu, kama watu wazima wengi, alikwisha kujiwekea vitu vyake vya safari ya mwisho: bweta la bati lenye sanda yake, pamba, chupa ya marashi, na kopo la karafumaiti. Nikalifungua kopo. Nikatoa vipande saba. Nikavigawa kwenye ile mifuko ya melimeli, pamoja na dawa, ili harufu kali ya dawa iifunike. Nikafunga kasha, nikachukua shuka, nikarudisha ufunguo.

"Umekawia," akasema.

"Shuka lilikuwa chini, Bibi."

Ningemwambiaje? Kwamba nimetia kitu cha maiti ndani ya joho la bwana harusi, na nimekiiba kwenye sanda ya mama mkwe? Hata leo nikilisema nnasikia uso unawaka.

Wiki ya harusi ikafika. Wanawake wamejaa ukumbini, chetezo kinafuka udi, kasha limeshushwa lifunguliwe mbele ya wote, ndiyo desturi. Bibi akafungua. Akanyosha mkono kwa mfuko wa kwanza, akauacha. Mifuko ilikuwa mitupu na imelowa. Maji mazito kama mafuta yamechuruzika begani mpaka kifuani, sufu imeshikana mabaka mabaka, zari imekuwa na rangi ya shaba kuukuu. Vigelegele vikakatika.

"Nini hiki?" mavyaa akauliza. "Si dawa isiyolowa hii?"

Bibi akainama. Alilinyanyua joho, akaweka pua begani, akavuta. Nikaona uso wake umebadilika, umekuwa wa majivu. Nikasema moyoni, kwisha, ameshanijua. Nlikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Yeye akaniangalia, akawaangalia na wengine, akafungua uzi wake, akaweka ufunguo wetu juu ya mkeka, akatoka. Shemeji alioa kwa joho la kuazima.

Kabla wiki haijakwisha funguo zote kumi na moja zilikuwa zimerudi kwa wenyewe. Mji ukasema vyake: dawa ya choo imemshinda, mzee amechoka, amekula chumvi nyingi. Mimi nikaamini mavyaa wangu ndiye aliyemtangaza, na wenye makasha wakamnyang'anya. Sikumuuliza mavyaa. Ukiuliza utaulizwa.

Baada ya mwezi nikapata ushujaa wa nusu, nikaenda Mlandege. Dirisha lake lilikuwa limejaa visahani, pengine kumi. Dawa peke yake. Naftalini peke yake. Dawa na karafuu. Dawa na udi. Dawa na majani ya mrehani. Vyote vikavu. Na kisahani kimoja, dawa na naftalini zimegusana, kina maji.

"Tazama," akanambia, na kwa dakika moja macho yake yakawa yale ya zamani. "Kila kimoja peke yake ni kikavu. Ukivikutanisha kwenye joto hili vinalia. Hilo hata mzee wa miwani alikuwa halijui."

Nikavitazama vile visahani kimoja kimoja. Cha karafumaiti hakikuwepo.

"Nshajua ilivyokuwa," akasema, akageukia ukutani.

Nikamwona ameshanijua na ananisitiri. Nikanywa kahawa yake nikaenda zangu, na sikurudi miaka mitatu. Nikimwona mbali Darajani najitia kuchagua ndizi. Ati mimi, niliyekuwa nikimwona mume wangu mjinga kwa kumkimbia!

Mavyaa wangu alifariki. Walipofungua bweta lake la bati, mwoshaji akatikisa kopo akasema, "Karafumaiti mbona haba?" Mwingine akamjibu, "Imepeperuka, ndiyo tabia yake." Wakatuma ikanunuliwa nyingine. Wote wakalikubali neno lile, nami nimekaa pale na kila mtu ananipa pole. Siwezi kueleza vizuri. Niliona kama marehemu mwenyewe ananisubiri niseme, na bado sikusema.

Matanga yalipoanuliwa nikaenda Mlandege, alasiri. Alikuwa kibarazani anashona kofia, sindano karibu na jicho. Alikuwa amekonda. Dirishani hamna kitu.

"Pole na msiba, mwanangu. Nlifika mlangoni, hukuniona."

"Bibi, nna neno."

"Sema."

"Ile siku uliyonipa ufunguo, nilitia karafumaiti kwenye mifuko ya dawa. Niliitoa kwenye kopo la mavyaa."

Sindano ikasimama. Nikangoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Vipande vingapi?" akauliza.

"Saba."

"Vizima?"

"Vizima."

"Ndani ya mfuko, vimegusana na dawa?"

"Ndani, Bibi. Vimegusana."

Akafumba macho. Midomo inakwenda, anahesabu. Kisha akasema taratibu, "Nliisikia."

"Nini, Bibi?"

"Karafumaiti. Siku ile begani kwa joho. Pua iliniambia karafumaiti, wazi kabisa. Nikasema, kasha la harusi karafumaiti ya nini? Haiwezi kuwa humu. Basi ni yangu mimi, nnanusa kifo changu. Nikaja hapa nikajaribu, naftalini na dawa vikalia, nikasema ndiyo hayo. Vidonge vya zamani nimevisahau mle ndani na mkono wangu mwenyewe, nikatia dawa juu yake, na sikumbuki. Mtu asiyekumbuka alichotia hakai na funguo za watu."

"Lakini mavyaa ndiye aliyekunyang'anya."

"Nani kasema? Hakuna aliyeninyang'anya. Nlirudisha mwenyewe, zote. Mavyaa wako, Mungu amrehemu, alikuja hapa mara mbili kunibembeleza niuchukue ufunguo wake. Nikamkatalia. Nikamwambia akili imeniondoka." Akaiweka kofia chini. "Miaka mitatu, mwanangu. Kila asubuhi nikiamka nakaa kitandani najiuliza jana nimekula nini, nione kama najua. Nimeacha hata kuuliza watu. Nlisema nikiuliza nitasahau jibu."

Nikalia. Nikamshika miguu, nikasema, "Niwie radhi, Bibi, niwie radhi."

"Ntakuwia. Si leo." Akautoa mguu wake mikononi mwangu, si kwa nguvu, akasimama, akaita chumba cha pili kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku za makopo ya biskuti. "Jirani! We jirani! Acha hayo maandazi, njoo!"

Jirani akatoka, mikono imejaa unga.

"Kaa hapo. Sikiliza huyu anavyosema." Akanigeukia, na uso wake wote umelowa machozi naye haufuti. "Haya. Sema tena. Polepole, kuanzia mwanzo, na hesabu uitaje."

Nikafuta pua, nikasema tena: ufunguo, kopo, mifuko, vipande saba.

"Saba," Bibi akamwambia jirani, amemshika mkono wenye unga. "Umesikia? Saba, vizima. Na mimi nliisikia."